Wanafunzi wa udaktari wakiingia wadini: huruma inafundishwaje?

Mratibu_Wadi

Wadau, naomba mchango wenu. Tunapanga kozi fupi ya mawasiliano kwa wanafunzi wa mwaka wa tatu, wale ambao ndio kwanza wanatoka kwenye meza za anatomia na kuingia wadini. Wako 64, tutawagawa makundi manane ya watu 8. Ratiba imetupa saa mbili kwa wiki, kwa wiki 8, katika hospitali ya rufaa hapa Nairobi. Hali mnaijua: vitanda havitoshi, na raundi moja yaweza kuwa na watu 15 wamemzunguka mgonjwa mmoja.

Pendekezo lililo mezani ni mihadhara minne ya maadili, na hojaji mwanzoni na mwishoni. Nina shaka nalo. Je, ni kweli huruma hupungua wakishaingia wadini? Saa hizo zitumike vipi? Na tutajuaje kama kuna kilichobadilika? Nipeni mambo ya kutendeka, tafadhali. Hotuba za "udaktari ni wito" tunazo za kutosha.

Mwalimu_Tiba

Mratibu, nianze na swali la kupungua. Utafiti unaotajwa sana ni wa Mohammadreza Hojat na wenzake wa chuo cha Jefferson, Philadelphia, uliochapishwa 2009. Waliwafuata wanafunzi tangu kuingia hadi kuhitimu, na alama zikashuka mwaka wa tatu, ambao katika mfumo wao wa miaka minne ndio mwaka wa kuanza wadi. Kipimo chao kina kauli 20, kila moja ina ngazi 7, hivyo alama huwa kati ya 20 na 140. Mwaka uliofuata, Jerry Colliver na wenzake walijibu kwamba jambo hili limetiwa chumvi: tofauti zenyewe ni ndogo, na mwanafunzi ndiye anayejipima.

Hoja ya pili ina uzito. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza atajaza 7 kwenye kila kauli nzuri kabla hajakutana na mgonjwa hata mmoja. Akishuka hadi 6 baada ya mwaka mzima wa wadi, huenda amekuwa mkweli zaidi, basi. Kwa hiyo hojaji ya kujipima isiwe ushahidi wenu wa pekee, na mihadhara minne naiona kama saa nane za kulala.

Wanachopoteza wadini si imani, ni kitendo. Mgonjwa wetu ni nadra kusema "naogopa". Atasema, "Dada yangu pia alianza hivihivi." Au, "Siku hizi kibandani anakaa mtoto." Hayo ni madokezo. Wendy Levinson na wenzake walisikiliza kanda za mazungumzo ya madaktari na wagonjwa Marekani (2000), wakakuta madokezo yanajibiwa vizuri kwa asilimia 38 tu kwa madaktari wa upasuaji na 21 kwa madaktari wa huduma ya msingi. La kuwaonyesha wanafunzi ni hili: mazungumzo ambayo dokezo lilipuuzwa ndiyo yaliyoelekea kuwa marefu zaidi. Mgonjwa asiyejibiwa hulirudia jambo lake kwa sura nyingine. Daktari anayesema hana muda wa huruma, hesabu zake haziko sawa.

Anzeni na zoezi la dakika mbili. Mwaka 1984 Beckman na Frankel walikuta daktari humkatiza mgonjwa baada ya sekunde 18 kwa wastani. Lakini huko Basel, Uswisi, watafiti walipowaacha wagonjwa waseme bila kukatizwa (2002), wastani ulikuwa sekunde 92, na karibu 8 kati ya 10 walikuwa wamemaliza kufikia dakika ya pili. Basi wapangeni wawili wawili, mgonjwa akiwa ameombwa ruhusa. Mmoja anakaa chini (kukaa si mapambo: mgonjwa huona daktari aliyekaa amempa muda mrefu kuliko aliyesimama, hata dakika zikiwa zilezile), anauliza swali moja, "Mama, niambie kilichokuleta," kisha kalamu chini. Anaruhusiwa "mhm" na "endelea", basi. Mwenzake ameshika saa na karatasi yenye safu mbili: maneno ya mgonjwa yanayonusa hofu, hasira au haya, na kile ambacho mwanafunzi alijibu. Safu ya pili siku ya kwanza huwa tupu. Waacheni waione ikiwa tupu.

Dokezo hujibiwa hivi. Rudia maneno ya mgonjwa mwenyewe: "Dada yako alianza hivihivi..." Nyamaza. Akiongeza neno, itaje hisia bila kumlazimisha nayo: "Naona jambo hilo linakukosesha usingizi." Nyamaza tena. Halafu ndipo uulize la kitabibu. Makosa ni mawili makuu. La kwanza ni faraja ya haraka, "Usijali, utapona," ambayo humfunga mtu mdomo. La pili ni lile la wadi zetu zote: "Pole sana. Choo je?"

Maigizo_na_Mitihani

Nakubaliana na Daktari hapo juu kuhusu mihadhara. Naongezea upande wa wagonjwa wa kuigiza, maana hapo ndipo kozi nyingi huharibikia. Mbinu yenyewe ni ya Howard Barrows, Los Angeles, 1963, kwa hiyo makosa yake yanajulikana kwa muda mrefu.

Kwanza ratiba. Wiki nne kila kundi liwe kwenye maigizo, wiki nne liwe wadini. Makundi manne yakiigiza, manne yako vitandani, kisha mnabadilishana. Kwa njia hiyo mnahitaji waigizaji wanne kwa siku badala ya wanane, na wakufunzi vivyo hivyo. Kikao cha dakika 120 kinatosha wanafunzi wanne: dakika 25 kila mmoja, inayobaki ni ya kufungua na kufunga. Kila mwanafunzi atapata zamu mbili katika kozi nzima, moja ya kuharibu na nyingine ya kurekebisha.

Dakika 25 zigawanywe hivi: 6 za mazungumzo, 12 za maoni, 5 za kurudia, 2 za kupumua. Kipande cha kurudia ndicho chenye mafunzo, na ndicho kinachokatwa muda ukibana. Mwanafunzi harudii yote. Anarudi kwenye dakika ile moja iliyoharibika na kuijaribu upya, mwigizaji akianza na sentensi ileile. Katika maoni, anaanza mwanafunzi mwenyewe, anafuata mwigizaji akiwa bado ndani ya uhusika ("ulipotazama saa, nikaamua kutokuambia"), kisha wenzake, mkufunzi mwisho. Mkufunzi akianza, wengine wote watakariri alichosema.

Karatasi ya mwigizaji isizidi ukurasa mmoja. Mfano: mama wa miaka 38, anauza mboga Marikiti, anakaa Kayole, ana sukari na kidonda cha mguu. Hofu yake ni kukatwa mguu. Dokezo la kwanza analitoa kufikia dakika ya pili: "Jirani yangu alianza na kidole tu." La pili dakika moja baadaye: "Kazi yangu ni ya kusimama, wajua." Yote mawili yakipuuzwa, ajibu "ndiyo" na "la" mpaka mwisho. Moja likijibiwa, afungue mlango: insulini aliacha wiki tatu zilizopita kwa sababu pesa ilienda karo.

Mmeona mtego? Taarifa ya kitabibu imefichwa nyuma ya dokezo. Asiyejibu hofu hapati sababu ya sukari kupanda, na mpango wake wa matibabu utakuwa wa kuongeza dozi ya dawa ambayo mgonjwa hanywi wala hajidungi. Mwanafunzi anayedharau "mambo ya hisia" huamka hapo, kwa kuwa amekosa uchunguzi wenyewe. Msimpe mwigizaji ruhusa ya kulia dakika ya kwanza. Chozi likishatoka hakuna dokezo tena la kutafuta, na darasa linageuka shindano la kusema pole.

Kuhusu mtihani wa vituo, ule aliouanzisha Ronald Harden kule Dundee miaka ya 1970, mwanafunzi akipita kituo kwa kituo na kupimwa kila kimoja: kisichotahiniwa hakisomwi, kwa hiyo wekeni kituo. Ila futeni kile kisanduku cha "ameonyesha huruma: ndiyo/la". Kinazaa wanafunzi wanaosema "pole sana mama" wakiwa bado mlangoni, kabla hawajasikia cha kumpa pole. Badala yake mwigizaji mwenyewe atoe alama 1 hadi 5 kwa swali moja: ningempa mtu huyu siri yangu? Mpeni sauti ya asilimia 20 ya alama za kituo.

Jambo moja dogo la mlangoni. Katika Chuo Kikuu cha George Washington, Benjamin Blatt na wenzake (2010) waliwapa wanafunzi maelekezo mafupi kabla ya kuingia kituoni: fikiria mgonjwa huyu anaona nini, anapitia nini. Wagonjwa wa kuigiza waliridhika nao zaidi. Haigharimu chochote. Ibandikeni mlangoni.

Sista_Leba

Habari zenu Madaktari. Mnazungumza vizuri kuhusu maneno, lakini mama aliye uchungu hasubiri maneno yenu. Anaangalia mikono na pazia.

Mradi wa Heshima hapa Kenya ulipima jambo hili katika vituo 13 vya uzazi. Kabla ya mradi, asilimia 20 ya akina mama walisema walidhalilishwa kwa namna fulani. Baadaye ikawa 13 (matokeo yalichapishwa 2015). Mwanafunzi anaingia katika mazingira hayo na anajifunza kwa macho. Akimwona mkubwa wake anamfokea mama, hilo ndilo somo la siku hiyo, haidhuru mlimwambia nini darasani asubuhi.

Chanzo kimoja hakitajwi na walimu: logibuku, daftari la kutiwa sahihi kwa kila kazi aliyoifanya mwanafunzi. Mwanafunzi anadaiwa idadi ya uchunguzi wa njia ya uzazi na idadi ya kuzalisha. Shirika la Afya Duniani linashauri uchunguzi wa ndani kila baada ya saa nne katika hatua ya kwanza uchungu ukishakolea. Sasa wanafunzi sita wakitafuta sahihi, mama mmoja ataguswa mara ngapi? Kila mmoja wao akiulizwa ni mtu mwema. Logibuku ndiyo inayomgeuza mama kuwa hesabu.

Badilisheni sharti la sahihi. Kuzalisha kuhesabiwe tu kama mwanafunzi alimpokea mama, akakaa naye, na akawepo mpaka saa mbili baada ya kujifungua, na mkunga ndiye atie sahihi. Uchunguzi wa ndani: mwanafunzi mmoja tu, wakati uleule ambao mkunga au daktari angechunguza, na kwa ruhusa iliyoombwa kabla ya mama kulazwa chali, maana akishavuliwa hiyo si ruhusa tena. Idadi zitapungua. Ni sawa zipungue.

Halafu mpangilio wa mikono, na ufundishwe kama mnavyofundisha kushona: jitambulishe kwa jina na useme u mwanafunzi, vuta pazia mwenyewe, usimwagize mtu, ngoja mkazo wa uchungu upite, sema utakachofanya kabla ya kugusa, funika sehemu usiyoichunguza, mwambie ulichokuta kabla hujamwambia daktari. Hilo la mwisho ndilo linalosahauliwa daima. Mama anasikia "sentimita nne" zikitajwa kwa Kiingereza juu ya kichwa chake, na hakuna anayemgeukia.

Na lugha ya amri. "Panda. Lala. Panua. Geuka." Ongezeni "naomba, mama" mbele yake na sentensi imechukua sekunde moja zaidi.

Mshauri_Nasaha

Sista amegusa kiini. Naongezea kinachotokea ndani ya mwanafunzi, kwa sababu mnaweza kufundisha mbinu zote hizo na bado zikapotea kufikia mwaka wa tano.

Kuna kuelewa maumivu ya mwingine na kumwonyesha umeelewa, na kuna kuyabeba kama yako. Yale ya kwanza yanafunzika. Ya pili humchosha mtu, na aliyechoka hujilinda kwa njia rahisi iliyo karibu, kumwita mgonjwa "ile ini ya pale kona", "kitanda cha 14". Kazi za Olga Klimecki na Tania Singer huko Leipzig zilionyesha hivyo: watu waliofunzwa kushiriki mateso ya wengine walizidiwa na hisia mbaya, na walipofunzwa kumtakia mwingine mema na kumsaidia, hali ikageuka. Kwa hiyo msiwaambie wanafunzi "hisi zaidi". Wapeni kitu cha kufanya na wanachohisi.

Kikao cha namna ya Balint kinafaa (Michael Balint alikianza na madaktari wa London miaka ya 1950). Kundi lenu la watu 8 ni saizi yake. Dakika 60. Mmoja anasimulia mgonjwa aliyemkaa rohoni, bila faili, kwa dakika kama tano. Wenzake wanauliza maswali ya ukweli tu. Kisha msimulizi anarudisha kiti nyuma na kunyamaza, kundi linawaza kwa sauti: mgonjwa huyu alikuwa anataka nini? Daktari huyu alihisi nini? Karibu na mwisho anarudi. Hatoki na suluhisho, na hilo huwakera wanafunzi wa udaktari vibaya sana, wavumilieni.

Kinachoharibu ni mambo matatu. Kikao kugeuka mjadala wa dozi: kiongozi akisikia jina la antibiotiki arudishe watu kwa mgonjwa. Kikao kugeuka tiba ya nafsi ya msimulizi: maisha yake ya nyumbani hayaulizwi. Na kosa lisilosameheka, kuongozwa na mhadhiri anayewatahini; hapo hakuna atakayesema "nilimchukia mgonjwa yule", na bila sentensi hiyo kikao hakina kazi.

Kama mnataka waandike, chukueni wazo la Rita Charon wa Columbia: pembeni ya faili rasmi, ukurasa mmoja kwa lugha ya kawaida, yale yasiyo na nafasi kwenye faili. Usomwe kwa sauti katika kundi. Usipewe alama, na hapa naachana na ndugu wa mitihani: tafakuri yenye alama huzaa tafakuri za kunakili, zote zikiishia na "nilijifunza umuhimu wa kusikiliza". Majina yabadilishwe, na isipite kwenye kundi la WhatsApp. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haina msamaha kwa wanafunzi.

Baada ya kifo cha kwanza wadini, dakika kumi siku ileile zinatosha: nini kilitokea, nani alikuwepo, kuna aliyebaki na swali la kitabibu ("ningefanya tofauti?"), nani anarudi nyumbani peke yake leo. Swali la kitabibu lijibiwe kikamilifu. Wengi hubeba hatia ya jambo ambalo lingetokea kwa vyovyote, na wanachohitaji ni mtu wa kuwaeleza fiziolojia yake.

Mratibu_Wadi

Asanteni sana, hii tayari ni nusu ya mtaala. Yamebaki mawili. Wagonjwa wetu wengine Kiswahili chao ni cha kuombea maji tu, na wanafunzi hawajui Kikamba wala Kisomali. Na kuhusu kupima: wakuu watanidai namba, hilo siwezi kulikwepa.

Mwalimu_Tiba

Kwa lugha: asitumiwe mtoto kutafsiri, wala mgonjwa wa kitanda cha pili, maana wakitoka hapo siri imefika kijijini kabla yao. Tafuteni orodha ya wahudumu wa wadi na lugha zao, ibandikwe kwenye dawati la wauguzi. Mwanafunzi amtazame mgonjwa, si mkalimani. Aseme "unaumwa wapi", asiseme "muulize anaumwa wapi". Sentensi moja kwa zamu. Na "umeelewa?" lipigwe marufuku, kwani jibu lake ni "ndiyo" kila siku. Aulize, "Ukifika nyumbani utamweleza vipi mumeo jinsi ya kunywa dawa hizi?" Akikosea, kosa ni la aliyeeleza.

Katika fomu ya historia ongezeni mistari mitatu: mgonjwa anadhani ana nini, anaogopa nini, na dawa atanunua kwa nini. Huo wa tatu watu huona ni wa karani wa SHA, bima ya afya ya serikali. Mwanafunzi anayeandika dawa isiyonunulika hajamwelewa mgonjwa, haidhuru alimpa pole ngapi. Akikuta pesa hakuna, asiahidi chochote. Ampeleke kwa afisa wa ustawi wa jamii wa hospitali siku hiyo, si siku ya kuruhusiwa.

Kwa namba: tumieni kipimo cha CARE cha Stewart Mercer wa Glasgow (2004). Maswali 10, alama 10 hadi 50, na anayejaza ni mgonjwa. Helen Riess na wenzake huko Boston waliwafunza madaktari vipindi vitatu vya dakika 60 tu, na wagonjwa, kwa kipimo hichohicho, waliwaona wameboreka kuliko kundi lisilofunzwa (2012). Mwonyeshe utafiti huo mkuu anayesema wiki 8 hazitoshi kitu.

Sista_Leba

Hapo kwenye kipimo mtahadhari. Mgonjwa aliye kitandani atawapa 50 kwa 50 kila mara, bado anawategemea. Wala mwanafunzi asisome maswali, wala mwenye koti jeupe yeyote. Foleni ya dawa baada ya kuruhusiwa inafaa: ana muda wa kungoja na hamwogopi mtu tena. Apatikane mtu wa kujitolea asiye wa wadi hiyo, asome kwa sauti, ajaze yeye.

Kabla ya hayo maswali kumi ya kizungu, muulizeni matano ya ndiyo na la. Alikuambia jina lake? Alikaa chini? Alivuta pazia? Alikuuliza unaogopa nini? Alikuambia alichokuta? Mtapata namba zenu, na mtajua ni kipi cha kurekebisha Jumatatu.